Pambo au Bidhaa? Maonyesho ya Nguo za Ndani Katika Televisheni

Yapo maswali ambayo sisi wazazi huyakwepa kwa kuona haya, na matokeo yake mabinti zetu hujibiwa na simu. Mojawapo ni hili: maonyesho ya nguo za ndani yanayorushwa katika televisheni na intaneti, je, ni mitindo ya mavazi kama mitindo mingine, au ni kumgeuza mwanamke kitu cha kutazamwa? Wengi watasema kwamba neno "haramu" latosha. Hukumu yenyewe haina utata. Lakini binti wa miaka 16 anayeuliza "Kwa nini?" anastahili kupewa sababu, na sababu zipo. Nyingi zimetamkwa na wanawake wa huko huko maonyesho yanakotoka.

Onyesho lililovuma kuliko yote ni la kampuni ya Kimarekani ya Victoria's Secret. Duka lake la kwanza lilifunguliwa California mwaka 1977 na Roy Raymond pamoja na mkewe. Raymond alisimulia kwamba alipokwenda kumnunulia mkewe nguo za ndani katika duka kubwa, aliona haya na kujihisi mgeni asiyetakiwa. Ndipo akataka pawepo mahali ambapo mume ataweza kununua bila ya fedheha. Mwaka 1982 aliiuza biashara hiyo kwa tajiri Leslie Wexner, ambaye aliikuza hadi ikaenea Marekani nzima. Onyesho la kwanza lilifanyika New York mwaka 1995. Mwaka 1999 lilirushwa kwa intaneti, na watazamaji wakawa wengi hata mtambo ukazidiwa. Mwaka 2001 liliingia katika televisheni ya ABC, likatazamwa na watu wapatao milioni 12.

Tazama, ndugu msomaji, mkondo wa jambo hili. Lilianza na haya ya mume mmoja aliyetaka kumpendeza mkewe, na hilo si baya. Robo karne haikutimia, likawa tamasha la mamilioni ya macho. Kilichokuwa siri ya watu wawili kikawa karamu ya kila mpita njia.

Ni uadilifu kuwasikiliza kwanza wanaoyatetea maonyesho hayo. Wao husema kwamba wanamitindo ni watu wazima waliochagua kazi yao na wakalipwa vizuri. Kwamba wanunuzi wa nguo hizo wengi wao ni wanawake. Kwamba kushona nguo ya ndani ni ufundi kama kushona kanzu. Na kwamba mwenye kuona ubaya ni mwenye jicho baya. Hoja hizi si za kupuuzwa, maana ndizo watakazokutana nazo watoto wetu.

Basi na tuzipime. Ikiwa kusudio ni mavazi, tungetarajia kuonyeshwa nguo ambazo mteja atazikuta dukani. Lakini vilivyowavuta watazamaji ni mbawa kubwa za manyoya ambazo hakuna atakayezivaa nyumbani kwake, na sidiria za vito ambazo hakuna atakayezinunua. Mwaka 2000 mwanamitindo Gisele Bündchen alivishwa vazi la ndani la vito lililotajwa kuwa na thamani ya dola milioni 15. Hapo nguo imekuwa kisingizio, na kinachouzwa ni mwili ulio ndani yake. Wasichana hao wakapewa hata jina la "Malaika". Sisi tunaowaamini Malaika kuwa ni viumbe watukufu wasiomuasi Mola wao, twaweza kupima wenyewe umbali uliopo baina ya jina na jambo.

Ama hoja ya hiari, tuutazame mwili wenyewe. Mwaka 2011 Adriana Lima, mmoja wa wanamitindo mashuhuri wa onyesho hilo, alilieleza gazeti moja la Uingereza kwamba siku tisa kabla ya kupanda jukwaani huacha chakula kigumu na kunywa vinywaji vya protini tu, na kwamba saa 12 za mwisho hanywi hata maji. Baadaye aliwasihi wasichana wasimuige. Sisi twaijua saumu: yaujenga moyo, na jioni twafuturu. Njaa hii haikusudii moyo, yakusudia kamera. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilipotoa tangazo lililosifu "mwili kamili" juu ya picha za wasichana wembamba watupu, maelfu ya watu, waanzilishi wao wakiwa ni wasichana watatu wanafunzi wa Uingereza, walitia saini kulipinga, na maneno yakabadilishwa.

Mwaka 2018 Ed Razek, mwanamume aliyekuwa akiliongoza onyesho kwa miaka mingi, aliulizwa na jarida la Vogue kuhusu uteuzi wa wanaoshirikishwa katika onyesho. Alijibu kwamba onyesho ni njozi. Twamshukuru kwa ukweli wake, kwani swali linalofuata ni jepesi: njozi ya nani? Mwaka huo watazamaji walishuka wakawa milioni 3 na ushei. Mwaka 2019 wanamitindo zaidi ya 100 walitia saini barua ya wazi wakiitaka kampuni iwalinde wafanyakazi wake dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na kabla mwaka haujaisha onyesho likafutwa. Waliosimama kulalamika hawakuwa masheikh wala wazee wa mtaa. Walikuwa ni watu wa fani hiyo hiyo.

Onyesho lilirejea Oktoba 2024, safari hii likiwa na wanawake wa umri na maumbo mbalimbali, na wengi wakalisifu. Ni kweli kwamba kumtweza mtu kwa sababu ya umbo lake ni dhulma, na kuiacha dhulma hiyo ni jambo jema. Lakini kuupanua mlango wa soko si kumtoa mtu sokoni. Kama tatizo ni kwamba mwanamke anapimwa kwa mwili wake mbele ya wasiomhusu, basi kuongeza idadi ya miili inayopimwa hakuliondoi.

Wahenga wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaitumia kwa bidhaa, na hapo ndipo penye nukta. Binadamu si chema cha kujiuza wala kibaya cha kujitembeza. Mwenyezi Mungu amemkirimu mwanadamu, na karama hiyo haina bei.

Isifahamike kwamba Uislamu unauchukia urembo. Qur'ani Tukufu inawakemea wanaoharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake, na inawafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja akiwa ni vazi la mwenzake. Sisi watu wa pwani twalijua hili kwa vitendo. Biharusi hufanyiwa singo, hutiwa hina, hufukizwa udi na kuvikwa asumini. Na siku ya kupamba hukaa akatazamwa na mamia ya wanawake waliovua mabuibui yao na kung'ara. Hayo nayo ni maonyesho ya mavazi, tena ya fahari. Tofauti ni kwamba mlango umefungwa, anayetazama ni mama, dada, shangazi na jirani, na hakuna anayemtilia bei.

Lakini na tujihesabu. Mlango huo sasa una ufa, na ufa wenyewe ni simu. Picha inayopigwa ukumbini kwa furaha saa tatu usiku, saa nne imekwishafika katika makundi ya WhatsApp, na kufika kesho yake imekwishaonwa na wanaume ambao biharusi hawajui wala hawamjui. Kadi za mwaliko siku hizi huandikwa kwamba simu haziruhusiwi, na ni vyema. Lakini maandishi bila ya msimamizi mlangoni ni mapambo ya kadi tu. Si haki kuilaumu New York kwa macho milioni 12 na hali sisi twamfungulia binti yetu macho elfu kwa kidole kimoja.

Na wanaume tusijifiche nyuma ya mabuibui ya wake zetu. Katika Suratun-Nur, amri ya kuinamisha macho imeanza kwa waumini wanaume, katika aya ya 30, kabla ya kuwafikia wanawake katika aya ya 31. Baba anayemkemea binti kwa kanzu ya kubana, kisha usiku akayatazama maonyesho hayo chini ya shuka, hana neno litakalosikika. Watoto husoma mwenendo kabla ya kusikia mawaidha.

Kwa hivyo, mzazi, usiizime televisheni ukanyamaza. Keti na binti yako, na kijana wako wa kiume pia, umfunze kuuliza maswali matatu juu ya kila picha: Nani anatazama? Ni nini hasa kinachouzwa? Faida inaingia mfuko wa nani? Mwenye kuzoea kuuliza hivyo hatadanganyika kwa mbawa za manyoya, wala kwa tangazo lolote litakalokuja baada yake.

Mwenyezi Mungu azipambe nyumba zetu kwa haya na mapenzi, awastiri mabinti zetu, na ayalinde macho yetu sote. Amin.