Uzani dhidi ya uhai: Fumbo linalomkabili mwunda ndege

KILA kilo inayoongezwa kwenye bodi ya ndege huchoma mafuta katika kila safari, au huchukua nafasi ya mzigo ambao ungelipiwa. Ndiyo maana mhandisi huanza kazi yake kwa kujiuliza: ni metali kiasi gani inayoweza kuondolewa pasi na kukidhoofisha chombo?

Swali hilo lina mwenzake lililo gumu zaidi. Chombo hicho kitaubeba mzigo wake mara ngapi? Kustahimili leo na kustahimili kwa miaka ishirini ni mambo mawili tofauti, na historia ya ndege aina ya Comet inaonyesha hasara ya kuyachanganya.

Mnamo Mei 2, 1952, ndege hiyo iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza iliondoka London kuelekea Johannesburg, ikitua katika miji kadhaa ukiwemo Entebbe, Uganda. Huo ulikuwa mwanzo wa huduma ya abiria kwa ndege za jeti.

Comet iliruka zaidi ya mita 10,000 juu, ambako hewa ni hafifu, hivyo ilibidi hewa ishindiliwe ndani ili abiria waweze kupumua. Katika kila safari, bodi ilivimba kidogo mithili ya mpira unaojazwa pumzi, kisha ikanywea iliposhuka. Ili kupunguza uzani, ilitengenezwa kwa mabati membamba ya aloi ya alumini, metali ambayo uzito wake ni takriban thuluthi moja ya ule wa chuma.

Januari 10, 1954, Comet moja ilipasuka angani na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walifariki. Aprili 8 mwaka huo, nyingine ilianguka karibu na Naples ikiwa na watu 21, na hakuna aliyenusurika. Ya kwanza ilikuwa imefanya safari 1,290. Ya pili 900 pekee.

Wataalamu wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine, wakaizamisha bodi yake katika tangi la maji, kisha wakapandisha na kushusha shinikizo ndani yake kuiga safari. Ilipofikisha safari 3,057, zikiwemo 1,221 ilizoruka kwa kweli, bodi ilipasuka. Ufa ulianzia kwenye pembe ya uwazi uliokatwa katika bati.

Chanzo kilikuwa uchovu wa metali. Yeyote aliyewahi kukata waya kwa kuupinda huku na huku anaujua. Mpindo wa kwanza hauuvunji, wala wa pili, lakini kila mmoja huacha jeraha dogo ndani yake. Tundu huharakisha madhara hayo: hata tundu la duara kwenye bati linalovutwa huongeza mkazo wa ukingoni mara tatu hivi, na pembe kali huuzidisha zaidi.

Kabla ya hapo, bodi ya majaribio ilikuwa imestahimili maelfu ya mizunguko ya shinikizo. Kumbe kipande hichohicho kilikuwa kimekwisha kupimwa nguvu kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida, nalo likainyoosha metali ya pembeni na kurefusha uhai wake. Jaribio la nguvu lilikuwa limeliharibu jaribio la uhai.

Tazama hesabu yenyewe. Bati likipunguzwa unene kwa asilimia 10, mkazo ndani yake hupanda kwa asilimia 11 hivi. Uhai, hata hivyo, haupungui kwa kiasi hicho tu, kwa kuwa hutegemea mkazo uliozidishwa kwa wenyewe mara kadhaa. Tukichukulia kuwa ni mara tano, takriban asilimia 40 ya safari za bati hilo hupotea.

Kwa hivyo ubora haupatikani kwa kupunguza unene kila mahali. Metali huondolewa palipo na mkazo mdogo, na kuongezwa kandokando ya madirisha na milango. Pembe huviringwa, na mikanda hutiwa ndani ya bodi ili kuuzuia ufa usienee. Comet 4, iliyoimarishwa hivyo, ilianza huduma mwaka 1958, na shirika la East African Airways likaanza kuitumia mwaka 1960.

Hata hivyo, hakuna hesabu inayofuta uchovu. Aprili 28, 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilipoteza sehemu ya paa lake angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akafariki. Ilikuwa na umri wa miaka 19 tu, lakini kwa kuwa safari zake baina ya visiwa zilikuwa fupi, ilikuwa imefanya safari 89,680, ilhali ilikuwa imekadiriwa kufanya 75,000.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Wepesi wa ndege ulikubaliwa kwa sharti kwamba kuna mtu atakayeutafuta ufa kwa wakati uliopangwa. Ukaguzi huo ni sehemu ya muundo, sawa na bawa. Anayeuruka ili kupunguza gharama ameing'oa sehemu moja ya ndege, ingawa abiria hawezi kuliona pengo lake.