Kiungo cha Taya: Muundo Wake na Upungufu wa Istilahi "Bawaba"

1.0 Utangulizi

Katika fonetiki matamshi, ulimi na midomo hupewa nafasi kubwa, ilhali taya la chini, ambalo hubeba ulimi na mdomo wa chini, hutajwa kwa ufupi tu. Ni rahisi kulilinganisha na mlango unaofunguka kwenye bawaba. Makala haya yanaonyesha kuwa ulinganisho huo ni nusu ya ukweli.

2.0 Muundo

Kiungo hiki kipo mbele kidogo ya tundu la sikio, kimoja kila upande. Hapo kichwa cha taya la chini hukutana na kishimo cha mfupa wa panja, ambao ni sehemu ya fuvu. Mbele ya kishimo pana kinundu. Baina ya mifupa hiyo kuna kisahani cha nyuzinyuzi ngumu, ambacho hukigawa kiungo katika vyumba viwili, cha juu na cha chini.

3.0 Mwendo

Mgawanyo huo ndio kiini cha suala. Katika chumba cha chini, kichwa cha taya huzunguka. Katika chumba cha juu, kichwa pamoja na kisahani huteleza kuelekea kwenye kinundu. Mtu mzima huweza kupanua kinywa takriban milimita 40 hadi 50 baina ya meno ya mbele, na upana huo haufikiwi bila mtelezo. Ncha za vidole zikiwekwa mbele ya masikio wakati wa kupiga miayo, mwendo huo huhisika. Kichwa kikivuka kinundu na kushindwa kurudi, taya huwa limeteguka, na kinywa hubaki wazi. Bawaba ya mlango haina ajali ya namna hiyo.

Aidha, katika usemi mienendo yote miwili hushiriki. Taya linaposhuka kutoka irabu /i/ hadi /a/, halizunguki tu, bali huweza pia kusogea mbele.

4.0 Hitimisho

"Kiungo bawaba" ni istilahi inayofaa kwa kiwiko. Kwa taya, "kiungo bawaba-telezi" huafiki zaidi umbile na dhima yake. Faida yake haiishii kwa wanaisimu: mgonjwa anayelalamika kuwa taya lake hulia anapotafuna huenda kisahani chake kimehama, na istilahi isiyotambua mtelezo haiwezi kumweleza tatizo lake.