Mtetemo wa Propela Uandikwe kwa Namba

Ndege nyingi zinazotumia Jengo la Kwanza la Abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, pale Kipawa, ni ndogo, na inayoonekana zaidi kati yake ni Cessna 208 Caravan: injini moja, propela moja, abiria wachache. Ndizo zinazowavusha watu kwenda Unguja kwa dakika ishirini hivi, zinazokwenda Mafia, na zinazotua kwenye viwanja vya hifadhini ambako ndege kubwa haiwezi kutua. Anayepanda kwa mara ya kwanza huhisi sakafu ikitetema chini ya miguu, na akiuliza huambiwa kwamba ndivyo ndege ndogo zilivyo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Hakuna injini isiyotetema, lakini sehemu ya mtetemo wa ndege ya propela hutokana na uzito usiokaa sawa kwenye propela yenyewe, na sehemu hiyo inaweza kupimwa na kupunguzwa kwa washa chache zenye uzito wa gramu kadhaa. Ninachokitetea hapa ni kwamba kipimo hicho kiwe sehemu ya matengenezo ya kawaida ya kila ndege ndogo inayorushwa kutoka Dar es Salaam, na matokeo yake yaandikwe kwa namba katika kitabu cha ndege, yasiachiwe hisia za rubani aliyeirusha siku hiyo.

Hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini gramu chache ni jambo kubwa. Kitu kinachozunguka huvuta kuelekea nje, na nguvu ya mvuto huo hukua kwa mraba wa mwendo: mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Propela ya Caravan huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Ikiwa upande mmoja umezidi kwa gramu 20 tu, sentimita 15 kutoka katikati, mvuto wake kwa mwendo huo ni sawa na uzito wa kilo 12. Kwenye ndege ya injini ya pistoni, kama Cessna 172 inayotumika sana kufundishia marubani, mizunguko 2,400 kwa dakika huzifanya gramu hizo hizo zivute kama kilo 19. Huko karibu na ncha ya panga mambo ni makali zaidi: gramu moja tu iliyopungua mita 1.2 kutoka katikati ya propela ya Caravan huleta mvuto wa karibu kilo 5. Wala mvuto huo hautulii upande mmoja. Unazunguka pamoja na propela, ukiisukuma injini juu, kushoto, chini na kulia zaidi ya mara 30 kila sekunde. Katika safari moja ya dakika ishirini kwenda Unguja, propela ikizunguka kwa mwendo huo, hiyo ni mizunguko 38,000 ya kusukumwa huku na huku. Katika saa 100 za kuruka, inapita milioni 11.

Msomaji aliye karibu na mambo haya atasema propela hutoka karakana ikiwa imeshasawazishwa, sasa kurudia ni kwa nini? Ni kweli kwamba inaposafishwa na kufanyiwa mapitio makubwa, propela huwekwa kwenye stendi ikiwa peke yake, imetulia, na fundi huongeza uzito hadi pasiwe na upande unaozama. Kazi hiyo ni ya lazima, na propela isiyopita hapo haifai kufungwa kwenye ndege. Lakini ikishafungwa haizunguki peke yake. Inazunguka pamoja na shafti ya injini, bamba lililo nyuma yake, na ile kofia iliyochongoka mbele ambayo mafundi huiita spina. Kwenye injini nyingi za pistoni kuna pia gia kubwa ya kuwashia. Kila kimoja kina kasoro yake ndogo inayoruhusiwa, na kasoro hizo zikiangukia upande mmoja hujumlishana. Fundi wa tairi kwenye Barabara ya Nyerere analijua jambo hili vizuri: hasawazishi mpira peke yake ukiwa chini, huufunga kwanza kwenye rimu, akauzungusha pamoja nayo. Propela nayo inahitaji kupimwa ikiwa kwenye injini itakayoizungusha, injini ikiwa inafanya kazi.

Hata ikisawazishwa vizuri siku ya kwanza, mazingira ya kwetu hayaiachi ibaki hivyo. Kiwanja cha Seronera ndani ya Serengeti ni cha changarawe, na viwanja vingi vya hifadhini ni vya changarawe au udongo uliosindiliwa. Propela ikianza kuvuta ndege kutoka mahali iliposimama hunyanyua mawe madogo, na mawe hayo hugonga ukingo wa mbele wa mapanga. Kila pengo linaloachwa hapo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, kwa hiyo fundi hana budi kulisawazisha kwa tupa na msasa mpaka ukingo uwe laini. Anafanya sawa kabisa, na mtengenezaji amemwekea mipaka ya kiasi anachoruhusiwa kuondoa. Ila tupa huondoa metali, na panga lililogongwa sana hupoteza metali nyingi kuliko wenzake. Kwa hesabu iliyotangulia, gramu moja huko nje ni kilo 5 za mvuto. Ongeza hewa ya chumvi ya Mafia na Unguja inayoleta kutu, na grisi ndani ya kitovu cha propela inayoweza kuhamia upande mmoja, utaona kwamba propela inayofanya kazi Kipawa haiwezi kudhaniwa iko sawa kwa sababu tu miaka miwili iliyopita ilikuwa sawa.

Gharama ya mtetemo huu haiji kwa jina lake, na nadhani ndiyo sababu hupuuzwa. Inakuja kama kishikizo cha alteneta kilichokatika, ufa kwenye bomba la moshi, riveti zilizolegea kwenye bati la kufunika injini, waya uliosuguka hadi ukachubuka, au kifaa cha mawasiliano kinachozima na kuwaka. Kila kimoja huandikwa kivyake kama hitilafu yake, kinatengenezwa, na baada ya muda kinarudi. Aluminiamu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa ndege hizi, ina tabia ya kuchoka taratibu kwa kukunjwa-kunjwa hata kwa nguvu ndogo; chuma cha kawaida kina kiwango ambacho chini yake kinaweza kustahimili mkunjo karibu bila kikomo, lakini aluminiamu haina kiwango hicho. Kwake, milioni 11 za misukumo midogo si kitu cha kudharau. Na binadamu aliyeketi mbele naye huchoka. Rubani anayefanya safari nyingi fupi kwa siku, kichwa chake kikitikiswa kila mara, hafiki safari ya mwisho akiwa na umakini aliokuwa nao asubuhi.

Kipimo chenyewe hakihitaji propela ing'olewe. Mapanga huoshwa kwanza, kwa sababu hata matope na wadudu waliogandamana ni uzito. Kihisi cha mtetemo hufungwa kwenye injini karibu kabisa na propela, na kihisi kingine cha mwanga huelekezwa kwenye kipande cha utepe unaoakisi kilichobandikwa nyuma ya panga moja. Cha kwanza kinaeleza mtetemo una ukubwa gani. Cha pili kinaeleza propela ilikuwa imefika wapi pale mtetemo ulipokuwa mkubwa, na hapo ndipo upande mzito unapojulikana. Ndege huelekezwa pua yake kwenye upepo, injini huwashwa na kupandishwa hadi mizunguko ya safari, namba husomwa. Kisha uzito wa majaribio hufungwa, injini huwashwa tena, na kutokana na jinsi namba zilivyobadilika hukokotolewa gramu ngapi zifungwe na wapi, kwa kawaida kwa bolti na washa kwenye bamba la spina. Upepo wa ubavuni au wa nyuma huyatikisa mapanga na kuharibu vipimo, kwa hiyo Dar es Salaam kazi hii inafaa asubuhi mapema kabla upepo wa baharini haujainuka, na msimu wa kusi unapovuma kwa nguvu ni heri kusubiri siku tulivu kuliko kupata namba za uongo.

Namba hizo husomwa kwa inchi kwa sekunde, yaani kasi ambayo injini inakwenda na kurudi inapotikisika. Kampuni ya Hartzell, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa propela, inataka mtetemo ushushwe chini ya 0.2, na fundi mwangalifu hufika chini ya 0.1. Juu ya 1.2 maelekezo ni kusimama: propela ing'olewe, ikaguliwe, isawazishwe upya kwenye stendi. Mpaka huo unajibu pingamizi zito kuliko yote, kwamba washa zinaweza kuficha ugonjwa. Zinaweza, kama fundi anafunga uzito bila kuuliza unatoka wapi. Panga lililopinda, mapanga yasiyokuwa na pembe moja, raba za kubebea injini zilizochoka, au silinda moja isiyochoma vizuri, vyote hutikisa ndege, na hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa washa. Wala kusawazisha hakuoni ufa. Tarehe 21 Agosti 1995, ndege aina ya Embraer EMB 120 ya Atlantic Southeast Airlines, safari namba 529, ilipoteza sehemu ya panga la propela ikiwa angani na kuanguka karibu na Carrollton katika jimbo la Georgia, Marekani. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kutu ndani ya tundu la panga, mahali pasipoonekana kwa macho. Kwa hiyo ukaguzi unatangulia, na usawazishaji unafuata. Lakini mfululizo wa vipimo unaweza kuibua swali ambalo jicho halikulifikiria: propela iliyokuwa 0.07 miezi sita iliyopita, haikuguswa, na leo inasoma 0.5, imepatwa na jambo, na lazima jambo hilo litafutwe kabla ya washa yoyote kufungwa.

Wapo wanaosema rubani mzoefu huhisi tatizo mapema kuliko mashine. Kwa injini ya pistoni sikubaliani nao, kwa sababu mapigo ya silinda hujichanganya na mtetemo wa propela na mwili hauwezi kuvitenganisha. Injini ya Caravan, ambayo ni turbini, hukimbia kwa ulaini mkubwa, hivyo kosa la propela hujitokeza wazi zaidi, ila hata hapo mwili huzoea. Mtetemo hukua kidogo kidogo, na ndege moja hurushwa na marubani wengi, kila mmoja akiilinganisha na aliyoirusha jana.

Lililobaki ni gharama na kanuni. Kanuni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania zinataka ndege itunzwe kwa maelekezo ya mtengenezaji, na kampuni inayofanya yanayotakiwa tu haivunji sheria. Sidai kwamba inavunja. Naona tu kwamba maelekezo hayo huandikwa kwa ajili ya dunia nzima, ikiwemo ndege isiyowahi kukanyaga changarawe. Kifaa cha kupimia ni ghali kwa kampuni yenye ndege mbili au tatu, lakini kinabebeka kwenye sanduku na kazi yake ni ya saa chache. Karakana zilizo jirani pale uwanjani zinaweza kukitumia kwa zamu, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo, kinachofundisha matengenezo ya ndege, ni mahali panapofaa kuwazoeza mafundi vijana kukisoma. Ratiba ninayoipendekeza ni kupima kila propela inapofungwa, kila mapengo yanapochongwa kwa tupa kwa kiasi cha maana, na angalau mara moja kwa mwaka hata kama hakuna aliyelalamika. Kila mara paandikwe namba ya kabla, namba ya baada, gramu zilizofungwa na tundu zilimofungwa. Propela ikipelekwa kwa mapitio makubwa, washa hizo zitolewe, kwa sababu zilifungwa kwa ajili ya propela hiyo ikiwa na injini hiyo. Fundi atakayeifunga tena bila karatasi ya vipimo hatajua kama gramu anazozikuta kwenye spina zinasaidia au zinatikisa.