Kuchagua Kasha la Kompyuta: Vipimo, Joto na Hewa

Kompyuta ya mezani yaweza kununuliwa ikiwa imekwisha kuungwa kiwandani, au yaweza kuungwa na mtu mwenyewe kwa kukusanya sehemu zake moja moja. Njia hii ya pili yafaa sana shuleni, kwa kuwa mwanafunzi aungaye kompyuta kwa mikono yake huijua kazi ya kila sehemu, na sehemu moja ikiharibika hubadilishwa hiyo peke yake. Lakini aghalabu mnunuzi hutumia siku nyingi kuchagua prosesa, kumbukumbu na diski, kisha fedha kidogo iliyosalia huinunulia kasha lolote lililo karibu, au lile livutialo macho. Matokeo yake huonekana baadaye. Ubao mama haukai mahali pake, kadi ya michoro inagota ukutani, au kompyuta inapunguza mwendo kila jua linapokuwa kali. Makosa hayo yote yaweza kuepukwa kwa rula, hesabu ndogo, na kanuni za fizikia ambazo hufundishwa darasani.

Kazi za kasha

Kasha lina kazi nne. Kwanza, hushikilia sehemu zote zisitikisike wala zisigusane mahali pasipotakiwa. Pili, huielekeza hewa ipite juu ya sehemu zenye joto na kutoka nje. Tatu, hukinga sehemu hizo zisifikiwe na mikono, maji, vumbi na wadudu. Nne, likiwa limeundwa kwa chuma, huunganishwa na ardhi kwa njia ya waya wa umeme, hivyo humlinda mtumiaji, na pia huzuia sehemu ya mawimbi ya redio yatokayo katika mitambo ya ndani. Kasha likishindwa katika mojawapo ya kazi hizi, uzuri wake wa nje hauna faida.

Vipimo vinavyotawala

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kanuni ya maumbo iitwayo ATX. Kanuni hiyo ilieleza ukubwa wa ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu, na mahali pa milango ya kuchomekea nyaya upande wa nyuma. Ubao kamili wa ATX una milimita 305 kwa 244. Baadaye ulitokea ubao mdogo zaidi wa microATX, ambao ukubwa wake haupiti milimita 244 kwa 244, na mwaka 2001 kampuni ya VIA ikatoa ule wa Mini-ITX wenye milimita 170 kwa 170. Maumbo haya yana undugu: kasha lililotengenezwa kwa ubao wa ATX kwa kawaida hupokea pia zile mbili ndogo, lakini kasha dogo haliwezi kupokea ubao mkubwa.

Undugu huo una faida kubwa kwa shule yenye fedha chache. Prosesa huchakaa kwa maana ya kupitwa na wakati, lakini kanuni ya ATX ingali inatumika. Kasha jema lililonunuliwa leo laweza kupokea ubao mwingine baada ya miaka kadhaa, na mwingine tena baadaye. Hata hivyo, si kila kasha kuukuu lafaa. Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta za ofisini hutumia ubao na sanduku la umeme vyenye maumbo yao wenyewe, na matundu ya kasha hizo hayalingani na kanuni ya kawaida. Anayetaka kutumia kasha la mtumba hana budi kulifungua na kulipima kabla ya kutoa fedha.

Baada ya ubao mama, kuna vipimo vitatu vingine ambavyo lazima vijulikane. Cha kwanza ni urefu wa kadi ya michoro, ikiwa itatumika. Kadi fupi zina milimita 200 au pungufu, ilhali kadi kubwa hupita milimita 300. Cha pili ni kimo cha kipoza-joto kinachokaa juu ya prosesa. Vile virefu vyenye umbo la mnara hufika milimita 160 hivi, na katika kasha jembamba huuzuia mlango usifunge. Cha tatu ni umbo la sanduku la umeme, ambalo mafundi huliita pawasaplai. Lile la ATX lina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Lile dogo la SFX lina upana wa milimita 125 na kimo cha milimita 63.5. Watengenezaji wa makasha huandika kiasi cha juu kabisa kinachokubalika kwa kila kipimo. Ni busara kuacha nafasi ya ziada ya milimita 10 hadi 20, kwa sababu nyaya nazo huhitaji mahali pa kupinda.

Joto lote huenda wapi?

Karibu nguvu yote ya umeme inayoingia katika kasha hugeuka kuwa joto. Kompyuta itumiayo wati 300 hutoa jouli 300 za joto katika kila sekunde, sawasawa na jiko dogo la umeme. Joto hilo lisipotolewa, halijoto ya ndani hupanda. Prosesa za siku hizi zina kinga: zikikaribia nyuzi 100 za Sentigredi, nyingi hupunguza mwendo wake zenyewe ili zisiungue. Mtumiaji huona tu kwamba kompyuta imekuwa nzito, asijue kwamba kisa ni kasha lisilopumua.

Hewa kiasi gani yahitajika? Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya hewa karibu na usawa wa bahari ina tungamo la kilo 1.2 hivi, na ili kupandisha halijoto ya kilo moja ya hewa kwa nyuzi moja zahitajika jouli 1,000 hivi. Tuseme feni zinapitisha lita 25 za hewa kwa sekunde. Tungamo la hewa hiyo ni gramu 30. Jouli 300 zikigawanywa kwa zao la 0.03 na 1,000, jibu ni 10. Maana yake ni kwamba hewa itakayotoka nyuma ya kasha itakuwa na joto zaidi ya ile iliyoingia kwa nyuzi 10. Ikiwa chumba kina nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam katika miezi ya joto, hewa hutoka ikiwa na nyuzi 42. Vumbi likiziba matundu hata hewa ikapungua nusu, ongezeko huwa nyuzi 20, na hewa hutoka ikiwa na nyuzi 52. Prosesa yenyewe huwa na joto zaidi ya hapo, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayoipoza.

Miji ya nyanda za juu ina jambo lake. Nairobi na Mbeya ziko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani. Feni ileile inayopitisha ujazo uleule hubeba tungamo dogo zaidi, na ongezeko la nyuzi 10 huwa karibu nyuzi 12. Bahati njema ni kwamba vyumba vya huko huwa na baridi zaidi, hivyo hasara hiyo hufidiwa.

Njia ya hewa

Kasha jema lina njia iliyo wazi: hewa baridi huingia mbele au chini, hupita juu ya kadi na prosesa, kisha hutoka nyuma au juu. Mpango huu husaidiwa kidogo na tabia ya hewa ya joto kupanda, ingawa kazi kubwa hufanywa na feni. Jambo la kwanza la kukagua dukani, basi, ni uso wa mbele. Uso wa wavu au wenye matundu mengi hupitisha hewa kwa urahisi. Uso wa kioo kitupu au plastiki isiyo na upenyo huinyima feni hewa, hata feni ziwe tatu. Hapo ndipo methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango inapopata maana halisi.

Ukubwa wa feni nao una maana. Feni zilizozoeleka zina kipenyo cha milimita 120 au 140. Kwa feni mbili zenye umbo la kufanana, ujazo wa hewa hutegemea mwendo wa mzunguko pamoja na mchemraba wa kipenyo. Kwa hiyo feni ya milimita 140 hupitisha hewa sawa na ile ya milimita 120 kwa mwendo wa asilimia 63 tu, na kelele hupungua. Katika chumba chenye kompyuta 20, tofauti hiyo humwezesha mwalimu kusikika. Ifahamike pia kwamba kiasi cha hewa kilichoandikwa kwenye sanduku la feni hupimwa feni ikiwa wazi. Ikifungwa nyuma ya wavu na chujio, hupitisha pungufu ya hapo.

Vumbi, chumvi na wadudu

Feni ziingizazo hewa zikizidi kidogo zile zitoazo, shinikizo la ndani hupita la nje, na hewa huvujia nje kwa kila ufa. Hivyo vumbi halina njia ila kupitia mbele, ambako chujio hulingoja. Kinyume chake, feni za kutoa zikizidi, hewa hufyonzwa kwa kila tundu lisilo na chujio. Kwa shule iliyo kando ya barabara ya vumbi, chujio linalochomoka bila bisibisi lina thamani kuliko taa za rangi. Lakini chujio lisilosafishwa ni kizuizi tu. Lioshwe na kukaushwa kabisa angalau mara moja kila muhula, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi.

Chujio haliwezi kuzuia unyevu wala chumvi ya hewa ya pwani. Huko kutu huanzia mahali rangi ilipochubuka na kwenye kingo zilizokatwa. Kasha lenye rangi nzito iliyoenea mpaka kwenye kingo hudumu zaidi. Vilevile kompyuta iliyopozwa katika chumba chenye kiyoyozi isiwashwe mara tu baada ya kutolewa kwenye hewa yenye unyevu, kwa maana matone ya maji yaweza kutanda juu ya sehemu zake baridi. Mwisho, nafasi za kadi zisizotumika upande wa nyuma zifunikwe kwa vibati vyake. Mende, sisimizi na mijusi hupenda mahali penye joto.

Chuma, alumini au kioo?

Wengi huamini kwamba kasha la alumini hupoza vizuri zaidi, kwa kuwa alumini hupitisha joto kwa wepesi kuliko chuma. Ni kweli kuhusu metali, lakini si kweli kuhusu kasha la kawaida, kwa kuwa joto hutolewa na hewa ipitayo, si na kuta. Faida halisi za alumini ni wepesi na kutoshika kutu nyekundu. Kwa shule, bati la chuma lisilobonyea kwa kidole latosha. Kioo, hata kile kilichokazwa kwa moto, huweza kuvunjika ghafla ukingo wake ukigonga sakafu ya vigae.

Usalama wa umeme

Bati la kasha hushikana na sanduku la umeme kwa skrubu, na sanduku hilo hushikana na ardhi kwa pini ya tatu ya plagi. Waya wenye umeme ukigusa bati, mkondo hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Lakini ikiwa soketi haina waya wa ardhi, kinga hiyo haipo. Tena vichujio vilivyo ndani ya sanduku la umeme huliacha bati na volti zipatazo nusu ya zile za soketi, yaani karibu 115, zenye mkondo mdogo sana. Mtu agusaye skrubu huhisi mtekenyo. Mtekenyo huo si wa kupuuzwa, wala hautibiwi kwa kubadili kasha: fundi umeme aitwe aitengeneze njia ya ardhi.

Ndani ya kasha, ubao mama hukaa juu ya viguzo vidogo vya shaba. Kiguzo kilichowekwa mahali pasipo na tundu la ubao chaweza kugusa njia za umeme upande wa chini na kuuharibu ubao mara uwashwapo. Viguzo vihesabiwe na kulinganishwa na matundu kabla ya kukaza skrubu ya kwanza.

Jaribio la darasani

Kompyuta iwashwe ikiwa imefungwa. Moshi wa kijiti cha udi upitishwe mbele ya kila tundu, kwa umbali wa sentimita 10 hivi, na wanafunzi wachore mahali moshi unapofyonzwa na unaposukumwa. Kisha halijoto ipimwe mbele na nyuma kwa kipimajoto kilekile. Ikiwa kuna mita ionyeshayo wati, wanafunzi wagawe wati hizo kwa zao la 1,200 na tofauti ya nyuzi. Jibu ni mita za ujazo za hewa zipitazo kwa sekunde. Jaribio lirudiwe baada ya kuosha chujio, na majibu mawili yalinganishwe.

Kwa muhtasari, anayechagua kasha aanze na ukubwa wa ubao mama, afuatishe vipimo vya kadi, kipoza-joto na sanduku la umeme, kisha akague uso wa mbele, mahali pa feni, chujio na uimara wa bati. Rangi, taa na kioo vije mwisho, ikiwa fedha imesalia. Kasha lililochaguliwa kwa utaratibu huo laweza kuhudumia kompyuta ya pili na ya tatu, wakati wanafunzi walioliunga mara ya kwanza wamekwisha kuhitimu.