Kiu ya Gari Lenye Tabo

Tangu Colin McRae aliposhinda mbio za Safari za mwaka 1997 akiwa katika Subaru Impreza, jina la gari hilo limekaa katika nyoyo za vijana wa Nairobi na Mombasa kwa namna ambayo magari mengine, yaliyo ghali kuliko hilo, hayajapata kukaa. Na kwa kuwa meli zinazoshusha magari yaliyotumika kutoka Japani hazijakoma kutia nanga, si ajabu kuliona leo likipita katika barabara za miji yetu, tundu la hewa limefumbuka juu ya boneti, na ekzosi ikinguruma kwa ule mdundo wa kukatikakatika unaomjulisha msikiaji, kabla hajageuza uso, ni injini ya aina gani inayokuja. Mwenye gari hilo akishalizoea, aghalabu hupatwa na tamaa moja, nayo ni kuongeza busti, yaani lile shinikizo la hewa ambalo tabo huitia katika injini. Tamaa hiyo ni nyepesi kutimizwa, maana hutaka valvu ndogo ya bei rahisi, au tarakimu chache zibadilishwe katika komputa ya gari, na matunda yake dereva huyasikia mgongoni papo hapo akanyagapo mafuta. Pampu ya petroli, kwa upande wake, imejificha ndani ya tenki huko nyuma, haina sauti ya kusifiwa, wala sijamwona kijana aliyewaita rafiki zake waje waitazame. Na ndiyo maana hununuliwa mwisho, ilhali ilistahili kununuliwa kwanza.

Tabo yenyewe si uvumbuzi wa jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikishia hataza mwaka 1905, na asili yake haijabadilika: moshi wa moto utokao katika silinda, ambao ungepotea bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, na gurudumu hilo, likiwa limeshikana na mwenzake kwa ekseli moja, huisonga hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa wingi kuliko injini ingeweza kuivuta kwa nguvu zake. Lakini hewa peke yake haiungui. Ili petroli iungue yote, kilo 1 yake hutaka kilo 14.7 za hewa, na mizani hiyo ndiyo ambayo komputa huishika dereva anapokwenda taratibu. Ila busti inapopanda, petroli huzidishwa makusudi hata ikawa kilo 11 au 12 tu za hewa kwa kila kilo 1, maana ile ya ziada, ijapokuwa haiungui ikaisha, hunyonya joto la silinda inapogeuka mvuke, na hivyo huihifadhi pistoni. Hewa ikiongezwa na petroli isiongezwe, joto hupanda, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na injini hunoki. Dereva, ikiwa redio yake haipigi kwa nguvu, husikia mlio mkavu wa chuma. Fundi atakayekuja kuifungua injini hiyo hukuta pistoni imemeguka ule ukingo mwembamba ulio baina ya ringi mbili, na ukuta wa silinda umechorwa mistari na kipande kilichovunjika. Katika injini za Subaru za aina hii ni maradhi yanayojulikana sana, na mlima mmoja tu, ukipandwa kwa resi kamili, huweza kutosha kuyaleta.

Waliotangulia waliyaona mapema. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari liitwalo Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa kwa umma yakiwa na tabo, na wahandisi wake, kwa kuwa waliona kwamba petroli peke yake haitaizuia injini isinoki, walitia pembeni chombo cha maji yaliyotoneshwa yaliyochanganywa na methanoli, yakawa yananyunyizwa ndani ya injini kila busti ilipopanda. Ilikuwa hikima nzuri, isipokuwa ilimtegemea mwenye gari kukumbuka kukijaza chombo, na wenye magari, kama walivyo hata leo, walisahau. Chombo kikikauka, gari lilijizuia lenyewe lisipate busti kamili. Jetfire haikudumu sokoni zaidi ya misimu miwili.

Siku hizi nozeli za umeme na komputa zimechukua mahali pa kile chombo, na mtu makini huanza kwa hesabu, tena huianzia kwenye injini akarudi nyuma hadi kwenye tenki. Injini ya petroli yenye tabo, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hula takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila farasi 1. Tuchukue, mathalan, Impreza WRX iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya mwaka 2002, ambayo injini yake ya lita 2 ilitangazwa kuwa na farasi 227: kwa kipimo hicho hutaka kilo 61 kwa saa, ambazo ni kama lita 83, na lita hizo zikigawiwa nozeli 4, kila moja yapaswa kunyunyiza sentimita za ujazo 345 kwa dakika. Nozeli zilizotiwa kiwandani zina uwezo wa 420 hadi 440 hivi. Maana yake ni kwamba gari hilo, likiwa jipya, halijaguswa na mkono wa fundi yeyote, tayari linatumia kama asilimia 80 ya uwezo wa nozeli zake. Sasa mwenye gari akitamani farasi 300, ambazo katika mazungumzo ya vijana wetu huhesabiwa kuwa si kitu, atahitaji kilo 81 kwa saa, sawa na lita 109, na kila nozeli itadaiwa sentimita 456 kwa dakika, deni ambalo ile ya kiwandani haiwezi kulilipa hata ikikaa wazi bila kufungwa.

Wala haifai kununua nozeli ya 456 kamili. Nozeli ni mlango mdogo wa umeme ambao sindano yake huinuka na kushuka, na injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda hukamilisha zamu yake yote katika milisekunde 20 tu. Nozeli ikitakiwa kukaa wazi zaidi ya 16 au 17 katika hizo, sindano haipati wasaa wa kushuka ikatulia kabla ya kuamriwa kuinuka tena, na hapo komputa hupoteza kipimo, isijue tena ni kiasi gani kimetoka. Kwa hiyo huachwa akiba ya asilimia 20, na nozeli ya mwenye kutaka farasi 300 inakuwa ya sentimita 570 au zaidi kidogo. Zaidi kidogo, nasema, kwa sababu kuna waungwana ambao wakisikia hayo hukimbilia kununua nozeli za 1,000, wakidhani kwamba ukubwa haujapata kumdhuru mtu. Injini inaposubiri kwenye taa, nozeli ya kawaida hufunguka kwa milisekunde 2 au 3 tu, na karibu milisekunde 1 ya hizo ni muda wa sindano kuinuka. Nozeli kubwa mno hulazimika kufunguka kwa muda mfupi hata ule wa kuinuka ukawa ndio sehemu kubwa ya kazi yote, na hapo gari hutetemeka, hutoa moshi mweusi na kunuka petroli kuliko kituo cha mafuta. Zipo nozeli za kisasa zinazolistahimili jambo hilo vizuri zaidi, lakini bei yake nayo ni ya kisasa. Na nozeli za ukubwa wowote, hasa zilizonunuliwa mkononi, yafaa zifungwe kwanza kwenye mashine ya kupimia, zile bomba 4 za kioo zilizosimama safu moja, ambamo petroli hunyunyizwa kwa muda uleule kwa kila nozeli: ukiona bomba tatu zimefikia mstari mmoja na ya nne imebaki chini yake kwa upana wa kidole, umekwisha kuijua silinda ambayo ingekufa kwanza.

Pampu ina hila zake. Iliyoandikwa lita 255 kwa saa humfanya mwenye kuhitaji lita 109 alale usingizi mzuri. Lakini idadi hiyo hupimwa kwa shinikizo maalumu na kwa umeme kamili, na ndani ya gari halipo hata moja kati ya hayo mawili lililo thabiti. Pampu ni kama mchukuzi wa maji anayepanda ngazi kwa ndoo: kadiri ghorofa ilivyo juu, ndivyo ndoo afikishazo kwa saa zinavyopungua. Shinikizo la msingi katika reli ya mafuta, yaani bomba linalozigawia nozeli petroli, ni baa 3, na busti ikiwa baa 1.2, reli hutaka baa 4.2, hivi kwamba saa ile ile injini inapodai petroli nyingi kupita zote, ndipo pampu inapokuwa dhaifu. Kisha kuna nyaya. Gari la miaka 20 lina waya mwembamba uliotoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na rilei na viungo kadhaa vilivyoingia kutu, hata ukafika nyuma umechoka. Fundi stadi huweka ncha za mita kwenye betri akasoma volti 13.8, kisha huzipeleka kwenye pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi, akasoma 12 au chini ya hapo, na upungufu huo tu watosha kupunguza lita nyingi. Dawa yake ni waya mnene na rilei mpya karibu na tenki, kazi ya mchana mmoja, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko nusu ya vitu ving'aavyo vinavyofungwa chini ya boneti.

Kwenye reli hiyo hukaa regyuleta, kifaa kidogo cha chuma chenye paipu nyembamba ya mpira iendayo kwenye manifoldi, ili shinikizo la reli lipande sambamba na busti na tofauti baina yao ibaki baa 3 daima. Paipu hiyo ikipasuka, au ikasahauliwa baada ya ukarabati, busti ya baa 1 huibakiza tofauti kuwa baa 2, na petroli ipitayo hupungua kwa kama asilimia 18, pasipo taa yoyote kuwaka mbele ya dereva. Ni mpira wa bei ndogo kabisa. Hali kadhalika filta, ambayo katika magari yanayojazwa petroli kutoka matenki ya zamani huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Jambo la petroli yenyewe halina budi kutajwa. Injini nyingi za namna hii zilizokusudiwa kwa soko la Japani zilipimwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo okteni yake hukaribia 100, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Basi tarakimu zilizoandikwa na fundi wa ng'ambo, zikaletwa zilivyo na kumiminwa katika komputa ya gari la huku, ni hatari hata kama kila chombo ni kipya. Huko Marekani wako wanaotumia petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 85, inayostahimili busti kubwa sana, lakini hunywewa zaidi kwa thuluthi moja hivi, na hudai pampu, nozeli na mipira isiyoliwa nayo.

Vyote hivyo vikishafungwa, kazi bado haijaisha, maana komputa haijui kwamba nozeli zimebadilishwa, nayo ikiachwa itaendelea kuzifungua kwa muda wa zile za zamani na kuigharikisha injini. Huandikwa upya kwenye mashine ya kupimia nguvu, kipimo cha hewa na petroli kikiwa kimechomekwa kwenye ekzosi, kwa busti ndogo kwanza. Na kabla ya hayo ufunguo huwashwa bila kupiga stata, ili viungo vya mipira vikaguliwe vikiwa na shinikizo, kwa kuwa tone moja la petroli juu ya tabo iliyopata moto ni balaa isiyohitaji maelezo. Kuhusu yule ambaye gari lake lingali na busti ya kiwandani, na ambaye hana haja ya farasi 300 kwenda kazini, huyo hahitaji karibu lolote katika haya: filta mpya, nozeli kusafishwa, pampu kupimwa, na fedha iliyobaki ainunulie breki.