Kilwa: Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo

Katika vyuo vyetu, somo la nadharia na mbinu za uandishi wa historia huogopwa kuliko vita vyote vya Majimaji. Mwanafunzi hukariri majina ya wanahistoria wa Kijerumani, hufaulu, husahau. Mimi ningelianzisha kwa hadithi ya Kilwa Kisiwani.

Hadithi hiyo ina matoleo kadhaa. Tarehe ya Kiarabu, yaani kitabu cha historia ya Kilwa kilichotungwa karne ya 16, inasema sultani wa Shirazi, Uajemi, aliondoka na wanawe sita katika majahazi saba. João de Barros, Mreno ambaye hakuwahi kufika huku, alichapisha yake mwaka 1552: kwake Ali, mwana wa sultani huyo, anakuja kwa kudharauliwa na ndugu zake, maana mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Wote wawili wanakubaliana kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo.

Nani mkweli? Swali hilo lina haraka. Kwanza tuulize aliyeandika alikuwa na haja gani. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakamkalisha kitini Muhammad Ankoni, asiye wa ukoo wa masultani. Mtunzi wa Kiarabu aliandika baada ya fedheha hiyo, wakati nasaba ilikuwa hoja ya kisiasa. Hata hivyo, huyo huyo anayejivunia Uajemi anakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na kwamba bila nguo asingekipata. Kwangu ungamo hilo lina thamani kuliko majahazi yote saba.

Kisha zikaja sarafu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliuweka utawala wa Ali bin al-Hasan, yule Ali wa hadithi, mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za kigeni za karne ya 11. Ali akarudishwa nyuma karibu karne nzima.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya vinasaba. Mifupa kutoka miji ya pwani ilionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Wapo waliotangaza kwamba ile Tarehe ya Kiarabu imethibitishwa. Taratibu! Mfupa haujui Shirazi, na makaburi mengi yaliyopimwa ni ya wenye uwezo.

Na hao akina mama wako wapi katika maandishi? Tarehe ya Kiarabu haina habari nao. Wanatokea katika masimulizi ya Kiswahili aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1907: mgeni anamwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa. Masimulizi hayo ya mdomo, yaliyochelewa kuandikwa, mara nyingi yamesomwa kama ngano tu. Huenda msimulizi alikuwa na wajukuu wa Mrimba wa kuwaridhisha, kama vile mwandishi wa sultani alivyokuwa na sultani.