Ngoma, Dansi na Ziwa Tanganyika: Ushahidi wa Maneno katika Historia ya Muziki wa Taifa

Mtu akisimama ufukoni Ikola, mkoani Katavi, akatazama magharibi, mbele yake pana maji ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ni nchi ya Kongo. Katika ramani mpaka wa mataifa wapita kati ya maji hayo. Katika historia ya muziki mpaka huo ni mgumu kuuona. Na mtu akiuliza upi ni muziki wa Tanzania na upi ni wa kigeni, hapo ndipo swali lake huwa zito.

Swali hilo lilipata nguvu tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge la Tanganyika na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha, bali hawakujua gombe sugu wala lele mama. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa ukoloni uliwafundisha watu kuyaonea haya mambo yao. Hata hivyo rumba ilihesabiwa kuwa ngeni, na jambo hilo lataka kuchunguzwa.

Rumba ilitoka Kuba, ambako miongoni mwa walioijenga walikuwamo wazao wa watumwa waliochukuliwa Kongo. Kwa njia ya santuri ilirudi Afrika, ikastawi Kinshasa na Brazzaville, kisha ikaenea mashariki. Lakini kabla muziki huo haujaelekea mashariki, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kwenda magharibi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara wa pwani ilipita Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Maniema, ikaiacha lugha huko. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika Maniema hiyo hiyo, mwaka 1947. Alipohamia Dar es Salaam mwaka 1978 alikuja katika nchi ya lugha aliyoifahamu, na nyimbo zake za Kiswahili juu ya unyonge na kifo zikapokewa kama za mwenyeji.

Maneno nayo yatoa ushahidi. Ngoma ni chombo kipigwacho, ni uchezaji wenyewe, tena ni mkutano wa wachezao. Dansi ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, lililokuja pamoja na uchezaji wa ukumbini. Jazi, katika majina kama Morogoro Jazz, halikutaja muziki wa Marekani. Lilitaja bendi tu. Tena Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi ya magitaa na matarumbeta, mtoto wa rumba, ilijitangaza kuwa ngoma.

Basi yale mawili yaliyotengwa mwaka 1962 yalikutana katika jina moja. Muziki haukupata utaifa kwa asili yake tu, bali pia kwa lugha iliyoupokea na kuupa jina. Na lugha hiyo ilikuwa imelivuka ziwa zamani.